Kichupa Nambari Kumi na Saba

Damu ilikuwa ya Warsame mwenyewe.

Inspekta Sahara Golicha aliisoma ripoti ya vinasaba mara ya kwanza akiwa amesimama, mara ya pili akiwa ameketi, na mara ya tatu akaanzia chini kwenda juu, labda maneno yangeona haya yabadilike. Hayakubadilika. Damu ya kichupa nambari kumi na saba, ambayo kwa siku kumi na moja alikuwa akimwambia kila mwenye masikio kwamba ni ya mtu mwingine, ilikuwa ya marehemu Warsame Idle, mfuga ngamia wa Lagdima. Ripoti haikusema "huenda" wala "inaelekea". Ilikuwa yake, basi.

"Ehe?" akauliza Bwana Shariff, mkuu wa upelelezi wa Garissa. Alikuwa amesimama mlangoni na kikombe cha chai mkononi. Habari zikiwa mbaya alikuwa na tabia ya kubaki mlangoni, asije akaonekana amezikaribisha.

"Hakuna aliyebadilisha damu, afande."

"Na yule Najib, mchukua damu tuliyemfungia?"

"Yumo."

"Najua yumo. Nauliza yumo kwa sababu gani."

Sahara akaifunga ripoti. Alikuwa na majibu mengi ya kumpa mkubwa wake, na yote yalikuwa matusi.

"Kesho saa tatu asubuhi hakimu atakuuliza swali hilo hilo," Shariff akasema. "Ama umfungulie Najib shtaka la kusababisha kifo, ama umwachie na kumwomba radhi. La katikati sitaki. Na umwangalie yule mjane. Ameapa kwamba tukimwachia, atakuja kuketi pale getini mpaka tumkamate tena."

"Ataketi kweli."

"Basi fanya haraka," akasema, akaondoka na chai yake.

Kesi yenyewe ilionekana nyepesi siku ilipoletwa, na hapo ndipo Sahara alipopaswa kuingiwa na wasiwasi. Warsame alishikwa na kala-azar, ugonjwa unaoletwa na kidudu kinachojificha katika nyufa za vichuguu, ukafurisha wengu na kumkausha mtu mpaka suruali inamwanguka. Akachomwa sindano siku kumi na saba katika zahanati ya Lagdima, mwendo mfupi kutoka Habaswein. Zamani, ili kujua kama mgonjwa amepona, daktari alimtia sindano ndefu ndani ya wengu, na wengine walivuja damu humo wakafa. Ukaja mradi wa utafiti na njia ya upole zaidi. Idman, mtaalamu wa maabara ya mradi huo mjini Garissa, alimfafanulia Sahara siku ya kwanza, polepole, jinsi mtu anavyomfafanulia polisi. Seli za mwili, alisema, hutupa nje vifuko vidogo mno visivyoonekana hata kwa darubini ya kawaida, navyo huelea katika damu. Seli iliyovamiwa na ugonjwa hutupa vifuko vyenye alama ya ugonjwa huo. Mashine huhesabu chembe zote za ukubwa ule, kisha husema katika kila mia ni ngapi zenye alama. Hesabu ikishuka, mgonjwa anapona.

Kabla ya sindano Warsame alikuwa na thelathini na moja katika mia. Wiki sita baada ya sindano, ndani ya Ramadhani, alikuwa na mbili. Akapewa karatasi yenye muhuri inayosema amepona. Akaitia mfukoni mwa shati, akarudi kwa ngamia wake. Homa iliporudi akakataa katakata kwenda zahanati. Akasema karatasi haiwezi kuwa mwongo, huu ni uchovu tu. Alipofikishwa Garissa tumbo lilikuwa limefura kama kibuyu, na karatasi ilikuwa bado mfukoni alipokata roho.

Mjane wake, Istahil, alikuja kituoni na karatasi hiyo. Akasema mtu amebadilisha damu ya mumewe, na mtu huyo ni Najib Kulow, aliyeitoa.

Sahara alimwamini kwa sababu moja. Maabara ilikuwa na picha ya kichupa nambari kumi na saba, na maji ya damu ndani yake, yaani kile kinachobaki juu chembe nyekundu zikishatuama, yalikuwa meupe kama chai iliyozidiwa maziwa. Ya mtu mwenye njaa huwa ya manjano, unaona upande wa pili. Weupe ni mafuta ya chakula. Na fomu, kwa mwandiko wa Najib mwenyewe, ilisema: mwezi kumi na tisa Ramadhani, saa saba mchana, mgonjwa amefunga, hajala tangu daku.

Mtu aliyefunga hawezi kuwa na mafuta ya chakula saa saba mchana. Kwa hiyo damu ilikuwa ya mtu aliyekula. Nani alikuwa anakula mchana wa Ramadhani kule Lagdima? Dereva wa mradi, Mkamba wa Mwingi, ambaye hafungi. Sahara alipoteza siku nne kwa dereva yule. Alimhoji, akapekua gari lake, akamtoa damu, akajua habari za shemeji zake wote. Akatoka patupu.

Akachukua faili, akashuka mahabusu.

Najib aliletwa katika chumba cha mahojiano amevaa fulana ile ile aliyokamatwa nayo. Alikuwa na miaka ishirini na minane, mwembamba, mwenye vidole virefu vya mtu aliyezoea kutafuta mishipa.

"Damu ni ya Warsame," Sahara akasema.

Najib akafumba macho. "Alhamdulillahi."

"Hukuniambia."

"Nilikuambia, madam. Siku ya kwanza. Wewe uliandika: mshukiwa anakana."

Sahara akafungua faili, akaona kweli aliandika hivyo, akazidi kukasirika. "Sawa. Basi alikula. Warsame alikula mchana wa Ramadhani, nawe ukamfichia."

"Usiseme hivyo!" Najib akainuka nusu, askari aliyekuwa nyuma akamrudisha kitini. "Mtu amekufa, madam. Usimbebeshe dhambi huko aliko. Warsame hakula mchana hata siku moja. Hata dawa ya kichwa alikuwa anangoja adhana ndio ameze."

"Mafuta yalitoka wapi?"

Najib akaanza kuikunja ncha ya fulana yake.

"Najib, kesho nakupeleka mbele ya hakimu. Mafuta yalitoka wapi?"

"Nipeleke."

"Unajua unachosema? Kusababisha kifo si mchezo."

"Niulize kitu kingine."

"Sina kitu kingine! Nina kichupa cheupe na fomu ya uongo." Akapiga meza kwa kiganja, na kiganja kikamuuma. "Siku hiyo wewe mwenyewe ulikula nini?"

"Futari."

"Kwa nani?"

Najib akaangalia sakafu. "Madam, mimi nimekula kwa watu. Mtu akikufuturisha nyumbani kwake, hutoki nje kutangaza chakula chake. Siwezi. Andika chochote unachotaka."

Akarudishwa ndani. Sahara akabaki na faili. Alikuwa amewahi kukutana na wenye hatia wanaolia, wasio na hatia wanaotukana, na wezi wa mbuzi wanaohubiri. Mtu anayeng'ang'ania kufungwa ilikuwa mara yake ya kwanza, naye hakumpenda hata kidogo.

Akaanza kupitia maelezo ya Najib upya, siku baada ya siku, kwa kuwa hakuwa na la maana zaidi la kufanya. Siku ya kwanza alijitetea kurasa nne, neno juu ya neno. Siku ya pili, mstari mmoja: sina la kusema. Na kila siku baada ya hapo, mstari ule ule. Pembeni mwa siku ya pili Sahara alikuwa ameandika kwa kalamu nyekundu: ameonyeshwa picha ya kichupa, amenyamaza, dalili ya hatia. Alikuwa amepiga mstari chini ya neno hatia, tena mara mbili.

Sasa akautazama mstari huo bila kuupenda. Hatia gani? Damu hakubadilisha. Basi aliona nini katika picha ile kilichomfunga mdomo?

Maabara ya mradi ilikuwa nyuma ya soko la mifugo, na kila mlango ulipofunguliwa, milio ya mbuzi iliingia pamoja na vumbi. Idman alikuwa amevaa glovu. Alipomwona Sahara akazivua kwa namna ya mtu anayejua kazi ya leo imekwisha.

"Ulikiona kichupa hiki kabla ya kukitia mashineni," Sahara akasema. Hakusalimia.

"Wa alaykum salaam, Inspekta. Nilikiona."

"Ukaona ni cheupe."

"Nikaona. Lakini kala-azar yenyewe huweza kupandisha mafuta katika damu ya mgonjwa, na fomu ilisema hajala. Nikafikiri ni ugonjwa."

"Ukaamini fomu."

"Wewe je?" Idman akauliza. "Umemweka mtu ndani siku kumi na moja kwa sababu fomu ilisema saa saba mchana."

Nje mbuzi alilia kana kwamba anamjibia Sahara. Ilikuwa kweli. Alikuwa ametilia shaka damu, dereva, Najib, hata shemeji za dereva. Kitu kimoja tu hakukitilia shaka, nacho ni saa iliyoandikwa na mkono wa mtu yule yule aliyemwita mwongo.

"Niambie," akasema taratibu, "katika safari yote ya kichupa hiki, kutoka mkononi mwa Warsame mpaka hapa, kuna kitu chochote kilichoandikwa na kitu kisicho na mkono?"

Idman akafikiri. "Sanduku la baridi. Lina kinasa joto ndani. Kila dakika kinaandika nyuzi chenyewe, tujue kama barafu imeyeyuka njiani."

"Mtu anaweza kukidanganya?"

"Anayekibeba hata hajui kinavyofunguliwa. Huwa nakisoma mimi tu, na huwa natazama kama joto lilizidi nane. Likizidi natupa vichupa. Halikuzidi, sikutazama zaidi."

"Tazama zaidi."

Mstari ukatokea kwenye kompyuta. Mwezi kumi na tisa Ramadhani, nyuzi nne tangu alfajiri. Saa saba mchana, nyuzi nne. Saa nane, nne. Alasiri, nne. Mstari ulikwenda umelala mpaka Sahara akaanza kuuchukia. Halafu, saa tatu na dakika kumi usiku, ukaruka mpaka saba, ukashuka tena.

"Hapo mfuniko ulifunguliwa," Idman akasema. Sauti yake ilikuwa imeshuka. "Hapo ndipo kichupa kiliingia."

"Mafuta ya futari huchukua muda gani kufika kwenye damu?"

"Saa mbili, tatu ndipo yanajaa."

Adhana ya magharibi siku ile ilikuwa saa kumi na mbili na dakika thelathini na kitu. Sahara hakuhitaji kalamu. "Nionyeshe siku nyingine za Ramadhani."

Idman akazionyesha. Kabla ya mwezi kuandama, sanduku lilifunguliwa asubuhi na mchana. Tangu mfungo wa kwanza, halikufunguliwa mchana hata mara moja. Vichupa sita vya Lagdima, vyote vya usiku, vyote vimeandikwa mchana.

Sahara akaegemea ukuta. Ghadhabu iliyompanda haikuwa kwa Idman wala kwa Najib. Alizaliwa Isiolo, katika nyumba ya Waborana Waislamu, na mjomba wake mwenyewe alimficha nesi mkono mwezi mzima mpaka Idi, akiamini kwamba damu ikitoka saumu imeharibika. Mashekhe wanatofautiana juu ya hilo, wazee hawatofautiani. Hili alilijua tangu utotoni. Kisha akavaa sare, akasoma upelelezi, akaenda kumpekua Mkamba.

"Kuna kitu sielewi," akasema. "Mafuta yanaufichaje ugonjwa? Vile vifuko vyenye alama si bado vimo?"

"Vimo vyote. Lakini mashine haijui mafuta ni nini. Inaangalia ukubwa. Vitone vya mafuta vina ukubwa ule ule wa vifuko, inavihesabu vyote pamoja."

Sahara alitazama dirishani, kwenye soko. "Kama kuhesabu mbuzi wagonjwa zizini, halafu jirani akaingiza kondoo wake elfu moja. Wagonjwa ni wale wale."

"Ni wale wale," Idman akasema. "Ila katika mia, wamekuwa wawili."

"Na kama Najib angeandika saa tatu usiku?"

"Ningekitupa. Fomu inataka damu ya kabla ya kula, mwisho saa nane mchana. Ningekitupa siku hiyo hiyo na kuitisha kingine. Tungeona anaumwa." Alikuwa ameshashika simu. "Hawa watano wengine wana karatasi kama yake. Lazima nipige sasa hivi."

Sahara akamwacha akipiga, akiongea Kisomali cha haraka, akirudia jina moja la mtu aliyesemekana amekwenda malishoni Hulugho. Alichukua nakala ya mstari ule, akaiweka ndani ya faili, na hapo ndipo uchungu wa kazi yake ulipomrudia. Kinasa joto kilijua mfuniko ulifunguliwa. Hakikujua damu ilitolewa lini wala mtu alikula nini. Mwendesha mashtaka yeyote mwenye akili angesema Najib alitoa damu mchana na kuiweka mezani mpaka usiku. Alihitaji mtu aliyekuwepo. Wawili walikuwepo pamoja na Najib. Mmoja alikuwa kaburini.

Mwingine ndiye aliyeapa kuketi getini.

Istahil alikuwa amefikia kwa dada yake, mtaa wa Bulla Mzuri. Ilikuwa saa kumi alasiri, jua bado kali, na mkeka ulikuwa umetandikwa kwenye kivuli cha ukuta. Alikuwa mama wa miaka hamsini na kitu, mrefu, na alipomwona Sahara akajitanda mtandio vizuri kama mtu anayejiandaa kwa habari njema. Kisomali cha Sahara kilitosha kusalimia, kumwita mama mdogo habaryar, na kununua nyama. Kwa mengine walitumia Kiswahili, kila mmoja na cha kwake, cha Istahil kikichanganya p na b, v na f.

"Karibu, abaayo, dada yangu. Kaa hapa, hapa iko ubebo. Umeleta habari ya ile mwizi ya damu?"

"Nimeleta maswali, habaryar. Halafu nitaandika, nikusomee, utie kidole."

"Uliza. Mimi nakumbuka yote."

"Siku Najib alipokuja nyumbani kwako, mfungo wa kumi na tisa. Alifika saa ngapi?"

"Saa saba mchana. Nakuja na sanduku yake, nakaa, naandika karatasi yake. Warsame naona sindano, nakataa. Nasema, damu ikitoka saumu nafunjika. Imamu alisema haifunjiki, yeye nasema imamu ni mtoto." Akatabasamu kidogo, kisha akakumbuka, tabasamu likaondoka. "Mimi nilimwambia, wewe ni mgonjwa, Mungu nasamehe mgonjwa, usifunge. Yeye nasema mimi imebona. Sindano yangu imekwisha."

Kwa hiyo fomu iliandikwa saa saba kweli. Iliandikwa kabla ya damu, na hakuna aliyeigusa tena. Sahara akaandika. "Najib akafanya nini?"

"Nangoja. Nakaa pale chini ya ukuta mbaka magharibi. Adhana nalia tu, Warsame anakula tende moja, Najib anamfunga kamba ya mkono. Anasema, sasa, haraka, kabla ya kula."

Kalamu ikasimama. "Alitaka kutoa damu kabla hajala?"

"Ndiyo! Mimi nikakataa." Istahil akajinyoosha. "Kwangu habana. Nikamwambia, wewe una adabu gani? Hii mtu amekaa siku nzima mkavu, damu iko wapi ya kutoa? Fungua kamba yako, kaa, kula. Yeye nasema, eeddo, shangazi, karatasi inataka hivi na hivi. Nikasema karatasi haikubika, mimi ndio nimebika."

Sahara hakutaka kuuliza swali lililofuata. Aliuliza.

"Walikula nini?"

"Kila kitu, abaayo. Sambusa. Nyirinyiri, ile nyama ya kukaanga, nimejaza samli mbaka juu. Na maziwa ya ngamia. Warsame nilimbatia bakuli mbili. Alitaka kuacha ya bili, mimi nikamshikia bakuli mdomoni. Nilisema kunywa, ibate damu. Alikunywa yote. Halafu wanakwenda Tarawehe bamoja, wanarudi, ndio Najib natoa. Damu ilitoka fizuri siku hiyo. Mimi nilifurahi."

Dada yake alileta jagi la maziwa na vikombe vitatu, akaweka mkekani, akaondoka. Hakuna aliyegusa.

"Hii nasaidia kesi?" Istahil akauliza.

"Inasaidia."

"Atafungwa?"

"Ngoja kwanza nikusomee."

Sheria inataka shahidi asiyejua kusoma asomewe maelezo yake yote, neno kwa neno, kabla ya kutia kidole. Sahara alikuwa amelifanya jambo hilo mara mia, kwa wizi, kwa ugomvi wa visima, kwa talaka zilizogeuka mapanga. Hakuwahi kutamani kuruka mstari. Akasoma bila kuruka. Akasoma saa saba, tende moja, kamba iliyofungwa na kufunguliwa tena. Akasoma nyirinyiri, samli, bakuli la kwanza na bakuli la pili. Akasoma Tarawehe na damu.

Istahil alikuwa akiitikia kwa kichwa kila sentensi. Karibu na mwisho akaacha.

"Mbona maziwa umeandika hivyo?" akauliza. "Sindano umeandika mara moja. Maziwa umeandika tena na tena. Maziwa nataka nini kwa kesi?"

Sahara angeweza kusema ni utaratibu. Watu huamini neno utaratibu, na huyu angetia kidole, kesho angesikia mahakamani kutoka kwa wakili mbele ya watu mia. Akaiweka kalamu chini.

"Ile mashine ya kupima haikujua tofauti ya mafuta na vile vifuko vya ugonjwa, habaryar. Warsame alikuwa bado anaumwa. Ugonjwa ulikuwemo ndani ya damu ile. Lakini alikuwa ameshiba, na mashine ikahesabu shibe. Ikasema amepona."

Istahil akautazama mkono wake wa kulia.

"Sikiliza vizuri. Chakula hakikumuua. Najib angefuta ile saa saba aandike saa ya kweli, maabara ingeitupa ile damu na kutaka nyingine. Aliogopa hilo, akaacha uongo kwenye karatasi. Kosa hilo ni lake, na atalijibu. Aliyeiona damu nyeupe akanyamaza, naye atajibu la kwake. Wewe ulimpa mtu wako futari."

"Nilimshikia mdomoni," Istahil akasema.

"Najua."

"Yeye alisema sasa, kabla ya kula. Mimi nikasema habana."

Kwa siku nzima Sahara alikuwa na hasira ya kushika, na sasa hata hiyo ilikuwa imemwacha.

"Hii Najib," Istahil akauliza, "siku ngapi iko ndani?"

"Kumi na moja."

"Na alifahamu? Hii habari ya maziwa?"

"Tangu siku ya pili. Nilimwonyesha picha ya kichupa, akaelewa. Toka hapo akakataa kusema neno lolote. Leo nilimwuliza alikula wapi, akasema amekula kwa watu, hawezi kutoka nje kutangaza chakula chao."

Istahil akafunika mdomo kwa ncha ya mtandio. Alipouondoa, sauti ilikuwa ndogo. "Mimi kila swala nilimlaani. Alfajiri, adhuhuri, kila swala. Nilimwambia Mungu, mfunge huyu mbaka meno yake yaanguke. Na yeye amekaa kule ndani, nafunga mdomo kwa sababu yangu."

Akanyoosha mkono. Sahara akampa wino. Istahil akabonyeza kidole kwenye mstari, akakibonyeza kwa nguvu mpaka karatasi ikaacha alama kwenye ukurasa wa chini.

"Atatoka leo?"

"Nikifika ofisini kabla mkubwa hajaondoka, atatoka leo. Shtaka la kifo limekwisha. La karatasi litabaki, lakini atalijibu akitokea nyumbani."

"Basi twende." Akasimama, akafuta wino kwenye ukingo wa mkeka, akainama kuchukua chupa ya chai tupu iliyokuwa kando ya ukuta. Akaifungua, akainua jagi la maziwa kama alivyofanya maisha yake yote kila alipokwenda kumwona mtu aliyefungwa, aliyelazwa au aliyefiwa. Jagi likabaki hewani. Akaliangalia, akamwangalia Sahara, na macho yake yakajaa.

"Sasa nambelekea nini, abaayo?"

"Hayo hayo, habaryar," Sahara akasema. "Atakunywa."

Istahil alimimina polepole kwa mikono miwili mpaka chupa ikajaa, akakaza kifuniko, akatangulia kwenye gari.